Barafu ya Nekesa

Haya nimeyaandika kwa miezi mitatu, nusu ukurasa kwa siku, kwa penseli kwanza kisha kwa kalamu, kwa sababu mkono wangu ni mzito. Nilisoma mpaka darasa la saba. Tangu hapo kazi yangu haikudai niandike kitu ila sahihi kwenye daftari la asubuhi, na hata hiyo Sista alikuwa akisema inafanana na mdudu aliyekanyagwa.

Siku mliyoniaga kwa keki pale hospitalini, yule kijana mpya wa kusukuma vitanda aliniuliza mbele ya watu: "Mzee Simiyu, miaka yote hiyo ndani ya thieta, ulijifunza nini hasa?" Nilicheka, nikamwambia keki inaisha. Mimi tangu utotoni ni mtu wa haya. Swali la leo nalijibu wiki ijayo, na mara nyingine silijibu kabisa. Hilo ndilo nataka kuwaelezeni.

Nilianza kazi nikiwa kijana, nikiishi chumba kimoja na binamu yangu huko Majengo, Pumwani, nyuma ya nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga mahamri kabla ya adhana ya alfajiri. Nilikwenda kazini kwa miguu. Siku ya kwanza nilipewa jozi ya buti nyeupe, ya kushoto namba saba na ya kulia namba tisa, nikaambiwa mwenzake ikipatikana nitaitwa. Sijaitwa hadi leo.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Okoth, mhudumu wa thieta, chumba cha upasuaji, tangu zamani, mtu mrefu mwenye mikono kama makasia. Alinipeleka mpaka pale kwenye mstari mwekundu uliopakwa sakafuni, ambao ninyi mnauruka bila kuutazama.

"Unaona huu?"

"Naona, mzee."

"Hapa unavua viatu vya nje. Na mdomo pia unauvua. Unauacha hapa ulinde viatu. Ukirudi unauchukua."

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Siku zile mhudumu akivuka mstari hakusema neno ila aulizwe, na akiulizwa alijibu kwa kifupi. Kwangu mimi haikuwa sheria ngumu. Wenzangu waliona kama gereza, mimi niliona kama nimefika nyumbani.

Mzee Okoth ndiye aliyenifundisha kuhesabu meno ya bandia, kwa kuwa kuna mzee mmoja wa Buruburu aliyetuapia hana, kisha tukayaona yakielea kooni mwake. Alinifundisha kusukuma kitanda kwa kutanguliza miguu ya mgonjwa, ili asione dari ikimkimbilia. Na zaidi ya yote alinifundisha barafu.

Upasuaji wa moyo ulipoanza kwetu, miaka ya tisini mwanzoni, hatukuwa na mitambo mliyo nayo. Moyo ukisimamishwa sharti upoe, na mwili mzima upoe, ili visiharibike wakati mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu. Baridi hiyo ilitoka mikononi mwetu. Barafu ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ni mifuko ya maji safi ya chumvi, iliyogandishwa, ambayo tuliiponda kwa rungu la mbao juu ya shuka mpaka ikawa kama uji wa mtama. Hiyo aliipakua daktari kwa kijiko kuuzunguka moyo. Ya pili ilikuwa barafu ya kawaida, ya ndoo, ya kutia kwenye tangi la mashine ya moyo na mapafu. Damu ilipita katika mirija ndani ya maji ya tangi hilo, ikapoa, ikarudi mwilini. Ukitaka mgonjwa apate joto tena, unatoa barafu, unawasha hita.

"Usiponde kama unayeua nyoka," Mzee Okoth alikuwa akiniambia. "Ponda kama unayeamsha mtu."

Alipostaafu aliniachia lile rungu. Alikuwa amelichonga mwenyewe kutoka kwenye mpini wa jembe.

Sasa nifike kwa Nekesa.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa karani wa reli, wakiishi Makongeni. Homa ya utotoni, ile inayoanza na koo na viungo kuuma, ilikuwa imemharibia mlango mmoja wa moyo, hata kupanda ngazi mbili kulimfanya aketi. Aliletwa kwa kubadilishiwa mlango huo. Mimi ndiye niliyekwenda wodini kumchukua. Asubuhi hiyo alikuwa amesukwa nywele mpya, na miguu yake ilitokeza mwisho wa shuka kwa sababu alikuwa mrefu.

"Sasa buda," aliniambia nilipofungua breki za kitanda. "Hii matatu yako haina ngoma?"

Nilisema, "Haina."

"Hata spika moja? Maze, Jogoo Road hupati abiria."

"Nekesa, nyamaza, pumzi itaisha," alisema mama yake, aliyekuwa akitembea kando yetu akiwa amebeba ndara za binti yake kifuani kama mtoto mchanga.

"Wacha iishe, mathe. Si wananiwekea ingine?"

Tulifika kwenye korido, hatua kumi kutoka mstari mwekundu. Pale ndipo jamaa hubaki. Sista Njeri, aliyekuwa mkuu wa thieta, alikuja kukagua jina na kadi, akasoma fomu, akauliza maswali kwa sauti: amekula, ana meno ya bandia, kuna dawa inayomdhuru, kuna mtu wa familia aliyewahi kupata shida na nusukaputi. Mama alijibu hapana, hapana, hapana, hapana. Sista akatia alama, akatangulia ndani.

Hapo mama alinishika mkono. Alikuwa amesikia jina langu kwa Sista, akajua nimetoka upande wao. Aliniambia kwa lugha ya kwetu, polepole, macho yakiwa sakafuni:

"Mtoto wa kwetu, kuna neno nimeliacha. Kaka yangu Wanyonyi alipasuliwa ngiri, hospitali ya misheni kule nyumbani. Alikufa juu ya meza. Walisema mwili wake uliwaka moto hata mshumaa ungewashwa, na alikuwa amekauka kama mti. Mama yetu alikataza neno hilo lisitajwe, kwa sababu ukilitaja kabla ya safari unaliita. Ndiyo maana sikumwambia yule sista. Lakini mlango ukifungwa nikiwa nalo tumboni litaniua. Basi nakuachia wewe."

"Nimwambie daktari?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Wewe unajua ya huko ndani. Mimi sijui."

Nekesa aliinua kichwa. "Mnanisengenya?"

"Tunakuombea," mama yake alisema, akamfunika miguu kwa shuka.

Nikavuka mstari. Nilivua viatu vyangu vya nje, nikavaa buti zangu za saba na tisa, nikamsukuma mpaka ndani.

Daktari wa nusukaputi aliitwa Mutiso. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kuzungumza na mgonjwa mpaka macho yafumbe. Alimuuliza Nekesa anataka kusomea nini. Nekesa akasema, "Kushona. Sio nguo lakini, viti vya magari." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho niliyoyasikia mimi.

Daktari alimpa sindano ya kulala, kisha ile ya kulegeza misuli ili apitishe mpira kooni. Misuli hulegea kama kamba iliyokatwa. Taya la Nekesa halikulegea. Lilikaza. Nilikuwa nimesimama upande wa kichwa na ndoo ya kwanza ya barafu, nikaona Daktari Mutiso akijaribu kulifungua kwa vidole, kisha kwa nguvu.

"Ajabu," alisema. "Taya limekuwa chuma. Sista, fomu inasemaje? Familia yao iko sawa na nusukaputi?"

Sista Njeri aliinua karatasi. "Imejazwa hapana."

Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na robo. Naikumbuka kwa sababu niliitazama ili nisiwatazame wao. Neno la mama lilinipanda mpaka kwenye meno. Nilijiambia kwamba taya si mwili mzima. Nilijiambia kwamba mama mwenyewe hakutaka litajwe. Nilijiambia kwamba daktari amesoma miaka mingi na mimi darasa la saba, na kama neno la korido lingekuwa na maana lingekuwa na mahali pake kwenye fomu. Sababu zilinijia nyingi. Mtu mwenye haya hakosi sababu.

Baada ya dakika chache taya lilikubali kidogo, mpira ukapita, mgonjwa akaunganishwa na mvuke wa halotheni, dawa ya kumweka usingizini. Kazi ikaendelea.

Kwa saa mbili na zaidi hapakuwa na tatizo. Daktari alinieleza baadaye kwamba baridi ndiyo iliyotudanganya. Ugonjwa wenyewe ni moto wa ndani: kuna watu wachache waliozaliwa hivyo, na dawa fulani za nusukaputi zikiwaingia, misuli yao hukaza na kuwaka bila kuzimika. Lakini sisi tulikuwa tukimpoza Nekesa kwa barafu kwa sababu ya moyo wake. Moto ulikuwepo, umefunikwa. Mimi niliponda, nikajaza tangi, nikaponda tena, nikijivunia jinsi uji wangu ulivyokuwa laini.

Mlango mpya ukashonwa. Daktari mpasuaji akasema, "Mpasheni joto." Fundi wa mashine akanipa ishara, nikatoa barafu tangini, akawasha hita. Alikuwa na desturi ya kusoma joto kwa sauti. Thelathini na mbili. Thelathini na nne. Thelathini na sita. Thelathini na saba, akazima hita. Thelathini na nane.

"Nimezima," alisema, kama mtu anayejitetea.

Thelathini na tisa.

Moyo ulikuwa ukitetemeka tu badala ya kupiga. Damu iliyokuwa ikirudi kwenye mirija ilikuwa nyeusi. Daktari Mutiso alipitisha mkono chini ya shuka, akashika mkono wa Nekesa, nikaona uso wake ukibadilika. Alijaribu kuukunja kiwikoni. Haukukunjika.

"Funga mvuke," alisema. "Funga mvuke wote. Barafu. Simiyu, barafu!"

Nilimwaga ndoo tangini, na nikiwa bado nimeinama nikasema, "Daktari, mjomba wake."

Sijui kama nilisema kwa sauti. Lakini watu wote walinigeukia, hata mpasuaji.

"Mjomba wake amefanya nini?"

"Alikufa mezani. Kwa ngiri. Alikuwa moto, akakauka kama mti."

"Nani amekwambia?"

"Mama yake."

"Lini?"

"Asubuhi. Kwenye korido."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano. Daktari Mutiso alinitazama juu ya barakoa. Nimetazamwa kwa hasira mara nyingi katika kazi hii, na macho yale hayakuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu anayehesabu kitu. Kisha akasema, "Leta barafu zaidi," akanigeuzia mgongo.

Hapakuwa na zaidi. Tulikuwa tumegandisha barafu ya kumpoza mtu mara moja. Hakuna aliyewahi kuhitaji kumpoza mtu mara mbili. Sista Njeri akaniambia, "Jikoni! Kimbia hivyo hivyo!" Nikavuka mstari mwekundu na buti za thieta, jambo ambalo kwa siku nyingine lingenifukuzisha kazi.

Jikoni ilikuwa siku ya samaki. Mpishi mkuu, mama mnene aliyeitwa Mama Zainabu, alikuwa na sanduku zima la tilapia ndani ya barafu. Nilianza kutoa samaki na kuwatupa sakafuni.

"We kijana, una wazimu? Hao ni wa chakula cha mchana!"

"Kuna mtu anaungua," nilimwambia.

Aliinama, tukatupa samaki pamoja, yeye akabeba upande mmoja wa sanduku mpaka mlangoni, akitweta, na magamba yamemganda mikononi.

Barafu ile ilikwenda tangini, ambako maji hayagusani na damu, na nyingine tukaitia kwenye mifuko tukampangia Nekesa kwapani, shingoni na katikati ya mapaja. Thieta ikanuka ziwa. Daktari mpasuaji, ambaye kwa kawaida alipiga kelele mtu akikohoa, alisogea kidogo kutupisha. Joto lilisimama kwenye arubaini na moja, likakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia kulisikia likisomwa, kisha likaanza kushuka.

Walifunga kifua chake alasiri. Moyo ulipiga, lakini kama mtu anayebisha mlango asioamini utafunguliwa. Mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya kahawa, kwa sababu misuli yake ilikuwa imevunjika na figo zilikuwa zikijaribu kuichuja. Ipo dawa ya ugonjwa huu. Daktari Mutiso alikuwa ameisoma na hakuwahi kuiona. Alipiga simu kila mahali alipojua. Hakuna aliyekuwa nayo.

Nekesa alikufa siku ya tatu, mchana, mama yake akiwa amekwenda kununua chai.

Kesho yake daktari aliniita kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tuliketi kwenye benchi. Alinieleza ugonjwa ule kwa maneno mepesi, na kwamba unapita katika damu ya familia, na kwamba ataandika barua ili ndugu za Nekesa waionyeshe popote watakapopasuliwa. Mimi ningewaeleza kwa lugha ya kwetu. Nilikubali. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikamuuliza daktari swali.

"Kama ningesema wakati ule wa taya?"

Alivua kofia yake ya kitambaa, akaikunja mara mbili.

"Ningemwamsha," alisema.

Aliinuka, akaweka mkono begani mwangu, akatoka. Siku nyingi baadaye nilielewa kuwa angeweza kunidanganya na hakunidanganya, nikamheshimu kwa hilo, ingawa kuna siku nyingine ninatamani angenidanganya.

Barua niliieleza kwa lugha ya kwetu mbele ya baba, mama, na mdogo wake Nekesa aliyeitwa Wekesa, mvulana wa miaka kumi na mbili hivi. Baba aliikunja akaitia ndani ya Biblia. Nilipowasindikiza mpaka langoni, mama alibaki nyuma nami.

"Lile neno," alisema. "Uliwaambia?"

"Niliwaambia, mama."

Alifunga macho, akashusha pumzi. "Basi mimi nilitoa, na wewe ukatoa. Tulifanya yetu. Mengine ni ya Mungu."

Hakuniuliza ni saa ngapi.

Kila Desemba, wakirudi kutoka nyumbani kijijini, mama yule aliniletea unga wa wimbi, kilo mbili, umefungwa kwenye kitambaa. Nilijaribu kukataa. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyefungua mdomo pale ndani." Niliupokea. Mwaka wa kwanza niliwapa majirani, lakini Pumwani hakuna siri, mama akaja kuniuliza kama unga haukuwa mzuri. Kwa hiyo nikaanza kuupika uji na kuunywa. Nimekunywa uji ule miaka mingi kuliko ninavyotaka kuhesabu.

Wekesa akakua. Alipokuwa kijana alivunjika mguu mara mbili, mfupa ule ule, kwenye kiwanda alichokuwa akifanya kibarua, na barua ikatoka kwenye Biblia ikaenda naye. Madaktari waliisoma, wakamchoma sindano ya uti wa mgongo badala ya kumlaza usingizi, akapasuliwa akiwa macho, akiuliza kila mara wamefika wapi. Alitoka mzima. Mama akaja kazini kuniambia, akaninyanyua mkono mbele ya Sista kama bondia aliyeshinda.

Kuhusu kazi, nilibadilika kwa jambo moja. Ninyi mnajua kwamba mimi, mtu nisiyesema, nilikuwa mtu wa kelele katika lile eneo la hatua kumi kabla ya mstari. Mliniita Redio. Niliuliza kila jamaa: nani alikufa, wapi, alikuwa moto au baridi, nani alikataza lisisemwe. Nikavuka na mdomo wangu, nikamwambia daktari kabla hajashika sindano. Mara nyingi hapakuwa na kitu. Daktari mmoja kijana aliniambia, "Mzee, hii ni thieta, si baraza." Nikamwambia tena kwa sauti zaidi. Lakini hilo ni jibu la nusu tu kwa swali la yule kijana wa keki, na ndiyo nusu inayonipendeza mimi.

Mama Nekesa alifariki mwaka huu, miezi michache kabla sijastaafu. Kabla ya kusafirisha mwili kulikuwa na ibada kule Tassia, Wekesa anakoishi sasa na mke na watoto watatu. Alinisimamisha mbele ya watu. "Huyu mzee," alisema, "ndiye aliyesema neno la mama ndani ya thieta. Mama alikuwa akisema, dada yangu alikufa lakini hakuna aliyenyamaza. Na mimi niko hapa kwa sababu yake. Mzee, tuambie hata neno moja."

Nilisimama. Nilivua kofia. Watoto wake walikuwa mstari wa mbele, na msichana mkubwa ana miguu mirefu, inatokeza chini ya kiti. Nikavaa kofia, nikaketi. Watu wakapiga makofi polepole, mwanamke mmoja akasema, "Mzee ana haya, mwacheni."

Maneno ambayo sikuyasema pale ndiyo nimekuwa nikiyaandika tangu nistaafu. Sikutaka kumwambia mama, kwa sababu angejua kwamba hata yeye, kama angelisema lile neno kwa Sista, binti yake angeamshwa. Huo mzigo sikuwa na haki ya kumpa. Sasa hawezi tena kuupokea. Lakini Wekesa yupo, na anawafundisha watoto wake jina langu.

Taya lilikaza saa tatu na robo. Nilisema saa sita kasoro dakika tano. Katikati hapo nilikuwa nimesimama na ndoo.

Karatasi hizi siwapi ninyi. Nampa Wekesa kesho, mkononi, na nitakaa naye mpaka azimalize, kama atakubali nikae. Nimemwandikia juu ya bahasha kwamba akiona zinafaa, aje aziache kwa Sista, pale kwenye mstari mwekundu. Ikiwa mnazisoma, basi ni yeye aliyewaletea.